Pumzi ya Mtambo

Wiki nzima jiko la biogesi la Nalepo lilikuwa likiwaka kwa unyonge na kuzimika kabla chai haijachemka. Kila siku alikoroga samadi na maji kama alivyofundishwa, akaimimina mtamboni bila kukosa. Mumewe, Lesian, alikuwa amekwisha kutamka: akina mama wa jumuiya wakija Jumapili na kukuta jiko baridi, shimo la mtambo litafukiwa, na Nalepo atarudi kwenye kuni na macho mekundu.

Alfajiri ya Jumamosi alitoka kwenda zizini, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika wingu. Akamkuta mama mkwe wake, Anande, ameinama kando ya mtambo, mkono kwenye koki. Gesi ilikuwa ikitoka kwa mluzi mwembamba, ikinuka kama yai viza.

"Shikamoo, yeyo," alimwamkia kwa jina la mama. "Unafanya nini?"

"Marahaba. Naupumzisha. Kibuyu cha maziwa ya mgando usipokilegeza kila asubuhi, kitakurushia kifuniko usoni. Hili tumbo lenu likipasuka, nani atapanda kukwangua mavi kwenye bati?"

Nalepo alicheka, kwanza kwa nafuu ya kujua gesi yake ilikokuwa ikipotelea. Kisha akafunga koki na kueleza taratibu: mtambo una njia yake ya kupumua. Hewa ile ni methani. Ikiungua inapika chai, lakini ikiachiwa mbichi hupanda angani na kuzuia joto la dunia lisitoke, kwa nguvu inayozidi mbali ile ya hewa inayobaki baada ya kuungua.

Anande aliutazama mlima. "Kwa hiyo ni mimi ninayempasha Meru joto?"

"Wewe na ng'ombe wako wanaobeua hewa hiyo hiyo, yeyo."

"Ng'ombe wangu usiwasingizie! Basi niulegezee wapi?"

"Jikoni. Ukiwasha jiko, umeulegeza."

Jumapili asubuhi Nalepo aliamshwa na mlio wa sufuria. Mwali wa buluu ulikuwa umesimama imara, chai ikitokota, na Anande ameketi mbele yake kama mwenye mji. Pembeni, kijinga kimoja cha mzeituni mwitu kilifuka moshi.

"Hicho ni cha kufukizia vibuyu," alisema kabla hajaulizwa. "Gesi yako haijui maziwa."

Mchana wageni walijaa uani. Lesian, ambaye hakuligusa sepetu la kufukia shimo, aliomba kikombe cha pili. Anande alizunguka na birika, akimjazia kila mtu hadi ukingoni.

"Kunyweni, jamani," alihimiza. "Mtambo unatakiwa kulegezwa."