Jumapili kwa Mama Nanyama

Ilikuwa mwaka wa tatu baada ya uhuru. Wazungu wa Uasin Gishu walikuwa wanauza mashamba, na kila mtu mwenye masikio alikuwa amesikia. Nderitu alisikia akiwa kwao Nyeri, alikokuwa analima viazi kwenye kipande cha ardhi kidogo sana, kiasi kwamba ng'ombe wake akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. Yeye na majirani zake wakaunda kikundi cha kununua shamba, wakamchagua Ndungu kuwa mwenyekiti, na Ndungu naye akamtuma Nderitu aende kuangalia shamba moja upande wa Burnt Forest.

"Angalia kila kitu," Ndungu alimwambia, "na usimwambie mtu."

Alipofika Eldoret, ejenti wa kuuza mashamba akamwambia yale yale. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai, na alipozungumza aliinama kama anayenong'oneza mgonjwa. "Hii shamba nimekuwekea wewe peke yako, Mzee. Enda uone, halafu njoo ofisi Jumatatu asubuhi. Lakini funga mdomo. Watu ni wabaya."

Basi Jumamosi Nderitu akaenda, akalizunguka shamba lile kwa miguu, akijibanza kwenye miti ya miwati kila aliposikia trekta. Alilipenda. Alilipenda mpaka akajihisi kama kijana anayemchungulia msichana wa watu. Alasiri akarudi mjini juu ya lori la maziwa, matope magotini, akatafuta mahali pa kungojea hiyo Jumatatu.

Mahali pa bei rahisi palikuwa lojingi ya Mama Nanyama, nyuma ya soko. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, na vyumba vyake vilitengwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa magazeti, hivi kwamba mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anamwambia pole. Mama Nanyama mwenyewe alikuwa Mbukusu, mwanamke mpana mwenye sauti iliyomzidi upana, na hakumlaza mtu kabla ya kujua kazi yake.

"Wewe unafanya kazi gani?" alimuuliza Nderitu mlangoni.

Nderitu hakuwa amejitayarisha. Mama Nanyama akamtazama kutoka juu hadi chini, na macho yake yakatulia kwenye koti lake. Lilikuwa koti jeusi, refu mpaka chini ya magoti, ambalo Nderitu aliachiwa na karani mmoja wa reli.

"Wewe ni mhubiri," akasema.

"Ndiyo," Nderitu akajibu, kwa sababu lilikuwa neno lililokuwa karibu.

"Mungu ni mkubwa! Kesho tunaombea hapa hapa, kwa chumba cha kulia, na mhubiri wetu anaumwa na jino. Shavu limefura, hawezi kusema hata amina. Utatuhubiria wewe."

Nderitu alitaka kusema ana mafua. Alitaka kusema yeye ni mhubiri wa dini nyingine. Lakini Mama Nanyama alikuwa ameshaenda jikoni kuwatangazia wapishi.

Chumba alichopewa kilikuwa na vitanda viwili vya springi zilizolegea. Kimoja kilikuwa na mtu tayari, mwanamume mrefu, miguu yake imepita ukingo wa kitanda kama mzigo uliofungwa vibaya. Aliinuka, wakasalimiana. Alisema anaitwa Kimeli, anatoka upande wa Kapsabet.

"Na kazi?" Nderitu aliuliza.

Kimeli alikohoa kidogo. "Mimi ni mwalimu wa kwaya."

"Mimi ni mhubiri," Nderitu akasema kwa huzuni.

Wakatazamana kwa heshima kubwa na hofu kubwa zaidi. Kila mmoja alidhani amelazwa chumba kimoja na mtumishi wa kweli wa Mungu, na kila mmoja akaamua kujichunga. Kwenye chakula cha jioni hakuna aliyethubutu kuagiza pombe, ingawa wote wawili walikuwa na kiu yake. Nderitu aliombea ugali. Alipomaliza, Kimeli akaona haya kukaa kimya, akauombea tena. Nderitu akahisi ameshindwa kwenye kazi yake mwenyewe, akaongeza maombi ya mboga.

"Amina jameni, chakula kinapoa!" alisema mama mmoja aliyeketi nao. Huyo alikuwa Nduta, kutoka Kiambu, ambaye alisema amekuja kumwona shangazi yake hospitalini. Kando yake alikuwa Mzee Kipyego, mtu wa ndevu nyeupe, aliyesema anauza dawa ya kunguni. Mama Nanyama hakumpenda tangu aliposema hivyo.

Asubuhi meza zilisukumwa ukutani, na mabenchi yakapangwa. Mama Nanyama alitangaza kwamba hakuna chai kabla ya ibada, kwa hiyo wageni wote walihudhuria, hata wale ambao hawakuwa na dini yoyote. Majirani wa sokoni nao wakaja, watoto wakaketi chini.

"Mwalimu, tuanzishie wimbo," Mama Nanyama akamwambia Kimeli.

Kimeli alisimama, akafumba macho, akaanza. Alianza juu sana. Watu wakamfuata wakipanda, wakaachana naye mmoja mmoja njiani, mpaka akabaki yeye na Mama Nanyama peke yao kule juu, mishipa ya shingo imewatoka. Ubeti wa pili akajaribu kurekebisha, akaanzia chini mno, chumba kizima kikanguruma kama zizi la madume. Mtoto mmoja akalia. Nderitu alimtazama na, kwa mara ya kwanza, akaingiwa na shaka kuhusu mwalimu huyu.

Lakini hakupata nafasi ya kufikiria, maana zamu yake ilikuwa imefika. Alisimama mbele ya kabati la vyombo, koti limefungwa vifungo vyote. Kitu pekee alichokumbuka kilikuwa habari ya wale wapelelezi wa zamani, waliotumwa kwenda kuiangalia nchi ya ahadi. Ndungu aliisimulia kwenye mkutano wa kikundi siku ile alipomtuma.

"Ndugu zangu," alianza kwa sauti ndogo, "kulikuwa na watu waliotumwa kuangalia nchi."

"Sema, mhubiri!" Mama Nanyama akamtia moyo.

"Wakaenda. Wakaiona. Na ilikuwa nchi nzuri."

"Nzuri namna gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Hapo Nderitu akapata njia. Hilo alilijua. "Nzuri! Udongo mweusi, ukiushika unakubakia mkononi kama unga! Nyasi hadi hapa!" Akajipiga paja. "Mto unapita katikati, maji baridi, unasikia meno yanauma!"

"Amina!"

"Nyumba ya mawe, bati jekundu, chimni mbili! Miwati imepandwa mstari, huoni mwisho! Ghala la mahindi la mbao ngumu, halina panya!"

"Haleluya!" Watu walikuwa wameanza kusimama. Nderitu alifungua koti. Mikono ilienda yenyewe.

"Na dipu, ndugu zangu! Dipu ya kuogeshea ng'ombe, ya simiti safi!"

"Nchi ya ahadi ilikuwa na dipu?" mama mmoja wa sokoni akamwuliza mwenzake polepole.

"Ilikuwa nayo!" Nderitu akanguruma. "Upande wa kulia wa mto!"

"Kushoto!"

Kimeli alikuwa amesimama pale mbele, kidole juu, uso umemwiva. Ilionekana hata yeye mwenyewe hakujua amesimama lini.

"Kulia," Nderitu akasema.

"Kushoto, Bwana! Mimi nimesimama juu ya hiyo dipu juzi na hii miguu yangu!"

"Wewe ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Na wewe?"

Walikuwa bado wanakodoleana macho wakati Nduta aliposema, taratibu, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Inategemea umeingilia geti gani." Kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

"Geti ya chini haifunguki," Mzee Kipyego akadakia, "mimi niliruka senyenge. Imenipasua suruali." Akageuka kidogo kuwaonyesha, ndipo alipogundua kwamba watu wote wanamtazama.

Mama Nanyama aliinuka polepole kutoka kwenye benchi. "Ngojeni," alisema. "Nduta, shangazi yako anaumwa wapi?"

Nduta alitazama sakafu. "Hana shida, Mama. Yuko Kiambu."

"Na wewe Mzee, dawa ya kunguni?"

"Sina," Kipyego akakiri. "Na kusema kweli, sikuona kunguni."

Hilo lilimpoza Mama Nanyama kidogo. Mji mzima ulijua kwamba ejenti wa mashamba hufungua ofisi Jumatatu; akawageukia wengine wote. "Wageni wangu, hebu mniambie ukweli. Nani mwingine anangojea kuuziwa hiyo shamba kesho?"

Mkono mmoja ukainuka karibu na dirisha. Mwingine ukafuata. Mtu aliyejiita fundi wa redio akainua wake, halafu yule aliyesema amekuja kuoa. Mwishowe ilikuwa rahisi zaidi kuwahesabu waliokuja mjini kwa sababu nyingine.

"Na ejenti aliwaambia nini?"

"Kwamba ameniwekea mimi peke yangu," alisema Nduta.

"Hata mimi," alisema Kimeli.

"Na kwamba nifunge mdomo," alisema Nderitu, "kwa sababu..."

"Watu ni wabaya!" chumba kizima kikamalizia.

Aliyecheka kwanza alikuwa Kimeli. Alicheka akiwa amejikunja, miguu yake mirefu ikapiga benchi, na watu wakamfuata vizuri kuliko walivyomfuata kwenye wimbo. Nderitu hakucheka. Aliketi chini ya kabati la vyombo, akijiona mtu aliyetoboa siri ya kijiji kizima kwa kupiga kelele. Angemwambia nini Ndungu? Angepita vipi mbele ya milango ya wale majirani?

Mama Nanyama akamletea chai mwenyewe. "Mimi nilidhani utanifukuza," Nderitu akamwambia.

"Nikufukuze kwa nini? Mhubiri wetu wa kweli hajawahi kutuamsha hivi. Kunywa."

Kimeli akaja akaketi karibu naye na kibuyu chake cha maziwa ya mursik. Akammiminia. Akamwambia kwamba yeye na ndugu zake, hata wakiuza kila mnyama, hawawezi kulibeba shamba lote lile wenyewe. Nderitu akasema kikundi chao nacho hakiwezi, na kwamba ejenti alimwambia wasijali, watajua mbele kwa mbele. Nduta akasogeza kiti. Kipyego akasogeza benchi. Mpaka jua linatua walikuwa bado pale, wakichora shamba juu ya meza kwa maji ya chai, wakibishana, wakifuta kwa mikono, wakichora tena.

Jumatatu asubuhi walienda ofisini wote pamoja, Mama Nanyama mbele, ingawa yeye hakuwa na haja na shamba. Ejenti alifungua mlango akitabasamu. Alimwona Nderitu, tabasamu likabaki. Akamwona Kimeli nyuma yake, likapungua. Alipoona mstari uliopita kona ya duka la jirani, likaisha kabisa.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Ngojeni nilete makaratasi huko ndani."

Wakangoja. Wakasikia mlango wa nyuma ukilia, halafu kengele ya baiskeli. Mama Nanyama alikimbia mpaka barabarani, akarudi akipumua. "Ameenda," alisema. "Na tai imeshikwa na cheni."

Basi wakapanda lori la maziwa, wakaenda kwa mwenye shamba. Yule mzungu mzee alikuwa barazani katikati ya masanduku yaliyofungwa, paka mapajani. Aliona kundi la watu linapanda njia ya nyumba, mbele yake mtu wa koti jeusi na mwanamke anayeimba.

"Nyinyi watu ya kanisa gani?" aliuliza. "Mimi hapana taka maombi."

Nderitu alivua kofia. Hakutaka tena kuwa kitu ambacho si yeye. "Sisi si kanisa, Bwana. Sisi ni wakulima, tunataka shamba."

Mzee yule aliacha kumpapasa paka. Kisha akawaambia kwamba ejenti alimwambia hakuna mtu hata mmoja anayelitaka, na kwamba afadhali aliuze kwa hasara kabla ya mvua. Alimweka paka chini, akaanza kutukana kwa Kiingereza, na ingawa wachache walielewa maneno, wote walikubaliana naye.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mikutano ilifanywa kwa Mama Nanyama mpaka akaanza kuwalipisha mabenchi. Ndungu alifika kutoka Nyeri kumgombeza Nderitu, akagomba tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, akala, akalitembelea shamba, na jioni akawa mwanachama wa kikundi hicho kipya cha wote. Watu wawili walijitoa, mmoja akarudi. Lakini shamba lilinunuliwa, likagawanywa kwa kura, na Nderitu akapata sehemu ya juu, akipakana na Kimeli.

Alikaa huko peke yake msimu mmoja kwenye kibanda cha nyasi, akilima, akiandika nyumbani jinsi udongo ulivyo mtamu. Kisha mkewe Wahu akaja, na watoto, na mbuzi, na magunia ya mbegu ya viazi, wote juu ya lori moja. Nderitu alisimama njiani kuwapokea, akiwa amenyoa ndevu. Alimshika Wahu mkono, akamzungusha shambani. Akamwonyesha mto, na miwati, na mahali ambapo jua linachomoza. Alimchotea udongo, akamtilia kiganjani.

Wahu aliutazama ule udongo. Akatazama kibanda, akatazama nyuma ya kibanda, akatazama uwanda wote mpaka kwenye upeo.

"Ni pazuri, Baba Wangari," akasema. "Choo kiko wapi?"

Nderitu aliitazama ile miti ya miwati iliyomtosha msimu mzima. Halafu akaenda kwa Kimeli kuomba jembe la pili.