Jiko la Vigae Vyeupe

Siku nilipokitoa kibali cha jiko langu ukutani, mikono yangu ilikuwa na pilipili. Kwa hiyo sikulia. Mwenye pilipili mikononi hagusi macho, hata kama ndiyo kwanza ametoka eda. Abasi, mtoto wa dada yake marehemu mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni na kufuli jipya, kainamisha kichwa kama kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza na shikamoo juu?"

"Sikufukuzi, mama. Vyombo ni vyako, beba vyote. Ila eneo ni la ukoo wetu. Mila unaijua."

Naijua! Mluguru gani asiyeijua? Ardhi yetu hufuata tumbo la mama. Mume wangu Luqmani akifa, kiwanja kinarudi kwa dada zake na watoto wao, si kwangu wala kwa binti niliyemzalia. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Na bado nikajenga.

Achari yangu ya embe na pilipili niliianzia uani. Naanika embe kwenye ungo, napika kwenye mafiga, natia kwenye chupa za kuokoteza. Watu wakanogewa. Nikampelekea Leela, mwenye duka mjini. Akaonja kwa ncha ya kidole, akafumba macho.

"Raya, hii nzuri sana. Lakini bila nembo ya ubora siiweki dukani. Wakaguzi wakiikuta, mimi na wewe tumekwisha."

Basi nikaifuata sheria. Nikapima afya, nikasajili jina la biashara, nikapata namba ya mlipa kodi. Sisemi uongo, kote huko walinielekeza vizuri. Kikwazo kilikuwa jiko. Bwana afya alikuja, mtu mpole, akatazama mafiga yangu na kuku waliokuwa wakijipitia.

"Mama, jiko la biashara linajitenga na la nyumbani. Liwe na vigae, nyavu madirishani, na maji ya bomba. Bomba, siyo ndoo."

Mama yangu alikuwa na eneo la ukoo wetu, juu mlimani ukipandisha kutoka Bigwa. Huko maji yalikuwa ya kijito. Kwa Luqmani bomba lilikuwa hapo hapo uani.

"Jenga hapa kwetu," mama aliniambia. "Kwa mwanaume unapanda mchicha, mwanangu. Hupandi mnazi."

"Na maji je, mama? Kijito kitanipa kibali?"

Akaendelea kupepeta mchele wake. Luqmani nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Kwani mimi nakufa kesho?"

Masikini, hakufa kesho. Alikufa mwaka wa pili tangu nijenge jiko uani kwake, presha, wakati vigae bado vinang'aa na chupa zetu zimejipanga dukani kwa Leela, kila moja na nembo yake. Nilimpenda yule mwanaume. Mpaka leo namkasirikia kwa kile kicheko.

Nilipoachana na Abasi nilikwenda moja kwa moja kwa bwana afya, kibali kwapani. Alikisoma taratibu, kana kwamba anatafuta pa kunisaidia.

"Hiki ni cha jengo lile, mama. Ukihama unaanza upya. Huko unakohamia kuna bomba?"

Nikamuaga.

Nikapikia kwa mama, kwenye mafiga. Mama hakunikumbusha maneno yake hata siku moja, na hilo lilinichoma kuliko masimango. Achari ikatoka ileile, wallahi, pengine imezidi. Leela akaonja, akafumba macho, halafu akanirudishia chupa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada."

Siku hizi nauza kwa kijiko kwa wakaanga mihogo, macho huku na huku kama mwizi. Kwenye jiko langu Abasi anafuga vifaranga. Nikipita barabarani nawasikia wakilia juu ya vigae vyangu, najitia kuharakisha.

Mama alitutoka masika yaliyopita. Kiangazi kilipoingia mafundi wakapanda mlimani na mabomba yao ya maji, wakachimba mtaro hadi karibu na kaburi lake. Sasa nina koki yangu mwenyewe, kwenye ardhi ambayo hakuna wa kunitoa. Pesa ya vigae sina. Mgongo wa kuanza upya nao sina. Asubuhi naifungua, nayatazama maji kidogo, naifunga.

Yanatoka vizuri tu.