Ukuta Uliokunja Bampa la Lori

Mzee Rupert alimdharau mkwewe Dennis tangu siku ya posa, lakini Jumamosi ile alimdharau kwa bidii, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Kijana ni mtu wa kuja, afisa wa serikali kutoka Shinyanga, kapanga nyumba mtaa wa Ruhuwiko. Sasa alikuwa kapiga magoti sebuleni kwa wakwe zake, mtaa wa Matogoro, pima maji mkononi, penseli sikioni, drili ya kuazima pembeni.

"Shelfu haina miguu, haina mikono," Rupert alisema toka kwenye kochi. "Itashikwa na nini, na heshima?"

"Kuna vyuma kwa ndani, baba. Vinazama ukutani, huvioni."

"Kama akili yako. Nayo iko kwa ndani, siioni."

Aliyeitaka shelfu ni mama mkwe, Kunegunda. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari, na sanamu ya Bikira Maria ilikuwa inazunguka nyumba za Jumuiya ya kanisa. Jioni hiyo ilikuwa zamu yake. Kwa jirani yake Brigita, wiki iliyopita, sanamu iliwekwa juu ya friji, ikawa inatetemeka kila friji ikiwaka. Kunegunda aliapa kwamba kwake haitatetemeka.

Rupert hakuwa na ugomvi na Bikira Maria. Tatizo lake lilikuwa ukuta.

Aliujenga mwenyewe mwaka tisini na tatu, na hakuna mwanajumuiya ambaye hajasimuliwa. Tofali za kuchoma, saruji tupu! Lori la mahindi lilirudi nyuma likaugonga, bampa likajikunja kama chapati. Ndege kigogota aliudonoa mara moja tu, akahama wilaya na mdomo wake uliopinda. Wezi walichimba mpaka kukakucha, mwisho wakapiga hodi wakaomba maji ya kunywa.

Ukweli aliujua peke yake. Saruji ilikuwa ya usoni tu, lipu nyembamba kama ganda la yai. Kati ya tofali na tofali alisiliba udongo wa bondeni, kwa sababu hela ya saruji ilishageuka ulanzi, pombe ya mianzi, na ulanzi ukageuka nyimbo, wakati Kunegunda yuko kwao akijifungua Violeth, huyo huyo mke wa Dennis. Drili ikizama, jina lote la miaka thelathini linaporomoka, tena siku ambayo Jumuiya nzima inakuja.

"Acha, mkwe. Utaua mashine ya watu. Huu si ukuta wa biskuti kama wa kwenu."

"Baba Violeth, mwache mwanangu!" Kunegunda alifoka toka jikoni. "Wewe hata msumari hujawahi kupigilia humu!"

"Kwa sababu haupigiliki!"

Dennis akasimama, akabonyeza. Drili ikanguruma, ikapita lipu, halafu ikazama yote mpaka kwenye ngumi, kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu. Nyuma yake akatokea mchwa mmoja, akaangalia mwanga, akarudi zake ndani.

Dennis akamtazama Rupert. Rupert akatazama mlango wa jikoni. Kandambili za Kunegunda zilikuwa zinakuja.

Kijana akausukuma udongo chini ya kochi kwa kiatu, akaziba tundu kwa mgongo.

"Mama, imeshindikana. Ukuta mgumu. Ncha ya drili imelainika kama mshumaa."

Kunegunda akasonya. "Mwanaume mzima na mashine ya umeme! Haya, lete stuli."

Hapo Rupert angeweza kunyamaza.

"Nilikwambia," akasema. "Mikono ya kugonga mihuri hiyo."

"Ndiyo, baba," Dennis akajibu, mgongo bado uko ukutani.

Jioni alisali rozari yote kasimama hapo hapo. Sala zilipokwisha, mzee Thadei wa Jumuiya akauliza habari za hiyo drili aliyosimuliwa na Kunegunda. Rupert akavuta pumzi aanze, lakini Dennis akamtangulia.

"Mzee wangu, ilitoa moshi ikazima. Fundi kaifungua, kakuta imezeeka miaka kumi kwa siku moja. Kaniuliza, umetoboa nini? Nikamwambia, ukuta wa baba mkwe. Akasimama, akavua kofia."

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Thadei akaupapasa ukuta kwa adabu, wanawake wakataka isimuliwe tena, na wote walimgeukia Dennis. Katika hadithi zote za Rupert, hakuna aliyewahi kuvua kofia.

Akamtazama mkwewe kutoka unyayo hadi utosi. Mtumishi wa serikali, mbele ya Mama wa Mungu, anadanganya bila hata kupepesa!

"Na huyu ndiye tuliyempa binti," akamnong'oneza Kunegunda, kisha akasonya.