Mwenyekiti wa Mananasi

Muharami ndiye aliyewashawishi majirani zake wakate mikorosho wapande mananasi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima, na kiwanda kipya cha juisi, njia ya kwenda Chalinze, kilimwahidi kununua kila nanasi. Kilinunua misimu miwili. Msimu wa tatu wenyewe wakafunga, wakaondoka, wakaacha mlinzi mmoja getini. Mlinzi huyo, Cosmas, alikuwa mtu wa bara, na nyumba yake ilitazamana na ya Muharami.

Mananasi yakaoza shambani. Vijana waliopoteza kazi kiwandani wakawa wanashinda barabarani, na asubuhi moja wakaifunga kwa magogo. Askari wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hasira ikatafuta pa kwenda, ikaja nyumbani kwa Muharami.

"Toka nje, mwenyekiti! Iko wapi mikorosho yetu?" alipiga kelele Esha, mjane aliyekata mikorosho arobaini kwa neno lake.

Muharami alitoka. Aliona mapanga, akaona na dumu la petroli.

"Hata mimi nimetapeliwa kama ninyi," akasema. "Waliotudhulumu jengo lao liko kule. Kwangu mmefuata nini?"

Wakageuka. Alijua fika kuwa kule hakuna tajiri wala meneja.

Cosmas aliwazuia getini kwa mikono mitupu. Jiwe likampata jichoni. Kiwanda kikateketea pamoja na mitambo, ambayo watu walikuwa bado wakisema iko siku itawashwa.

Siku ya tatu Muharami alikwenda hospitali. Gertruda, mke wa Cosmas, alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Pole, shemeji."

"Ulijua yuko peke yake?"

Akainama kumtazama Cosmas.

"Nakuuliza, baba Wahida. Ulijua?"

"Nilijua. Wangenichomea watoto ndani."

"Kwa hiyo ukawapa mume wangu." Hakumtazama tena. "Nenda. Akiamka asikukute."

Mwisho wa mwezi chama kilikutana. Vijana sita walikuwa rumande, na waliobaki hawakujua wapande nini. Esha ndiye aliyesimama kupendekeza Muharami aendelee.

"Siku ile hakutukimbia," alisema. "Alitoka, akatuonyesha adui."

Watu wakapiga makofi. Muharami alitaka kukataa, awaambie yote. Akasimama.

"Nashukuru," akasema, akakaa.