Kitabu Ambamo Hawafi

Nina daftari lenye jalada jeusi nilimoandika kila kitabu nilichokipata chenye wanawake wanaopendana. Nililianza mwaka 1981, nikiwa mshonaji katika kiwanda cha mashati hapa mjini kwetu Hungaria, kando ya mto Tisza. Maktaba haikutuwekea rafu, nami sikungoja ruhusa ya mtu. Ukitaka cha upelelezi, nitakutajia. Cha mizimu, cha vita, cha safari za nyotani, nitakutajia pia.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa Dada Emőke, aliyeshonea cherehani iliyopakana na yangu. Aliishi na Rozália miaka thelathini na minane, na mtaa mzima ukawaita mabinamu. Rozália alipofariki, hata kasisi alisema hivyo hivyo kaburini: "binamu mpendwa." Nilisimama pale nikisaga meno. Sijasahau na sitasahau.

Oktoba iliyopita daktari alimwambia Emőke kwamba mapafu yamekwisha; akiiona Pasaka, ashukuru. Nikampelekea vitabu vitatu. Baada ya wiki akanirudishia vyote.

"Wa upelelezi kachomwa kisu," akasema huku akihema. "Wa vita kajitupa mtoni. Wa nyotani kaachwa peke yake huko huko. Hebu niambie, Sarolta, unagawa vitabu au unachimba makaburi?"

"Dada, ndivyo walivyotuandika."

"Basi tafuta aliyetuandika vingine. Nataka kimoja tu ambamo hawafi. Wote wawili! Nikisome kabla sijaondoka."

Nilitafuta msimu mzima wa baridi. Februari nikakiona dukani, kimefungwa nailoni kama nyama ya buchani. Siku hizi sheria yataka vitabu vya namna yetu vifungwe hivyo, eti watoto wasidhurike. Nililaani kwa sauti hadi mteja mmoja akatoka.

"Chukua hiki, mama," muuzaji akaninong'oneza. "Wanazeeka pamoja. Nilikisoma kabla hakijafungwa."

Emőke alikipokea kwa mikono miwili, akaipangusa nailoni kwa aproni yake.

"Jamani, kizuri! Kipya kabisa!"

"Kichane basi."

"Toka hapa na haraka zako! Nitakisoma siku nikiwa na nafuu."

Nikacheka. Nazijua nyumba zetu. Kila nyumba ina chumba safi, kile cha mbele, chenye kitanda kilichorundikwa mito hadi karibu na dari, kisicholaliwa na mtu, na vikombe visivyonywewa. Mama zetu walitufunza kwamba kitu kizuri hakitumiwi, kinatunzwa. Nilijua hayo yote, na mimi ninayefokea hata madiwani nikanyamaza.

Kila nilipokwenda nilimuuliza, "Umefika wapi?"

"Niache bwana, bado kidogo."

Alifariki Jumanne, siku tano kabla ya Pasaka. Mpwa wake akanipa ufunguo nikachukue kitabu changu. Jikoni kilikuwapo kitanda chembamba walicholalia wawili wale miaka yote thelathini na minane. Cha chumba safi hawakuwahi kukilalia. Juu ya mito yake, kando ya picha ya Rozália, ndipo nilipokikuta kitabu. Nailoni haikuwa na hata mkwaruzo.

Niliiangusha ile mito sakafuni, nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikaichana nailoni kwa meno. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Vikongwe wawili wanatoa kokwa za plamu wapike jamu, wanagombana kuhusu sukari. Wako hai wote wawili. Nikausoma kwa sauti kubwa, kisha nikaurudia.

Sasa nikimpelekea mtu kitabu kipya, namchania nailoni mlangoni, kabla hajakishika.

"Mama Sarolta, taratibu! Kitachafuka!"

"Na kichafuke," namwambia. "Anza kusoma."