Mkate Ulionipisha Chini ya Kitambaa

Usiku wa kuamkia leo niliota mkate wa Sabato ndio bawabu wa nyumba yetu.

Miaka mingi nilikaa milimani Lushoto nikimtafuta Mungu kwa kufumba macho, watu wakiniita mtakatifu. Mungu nilimwona kwa nadra. Mama yangu sikumwona tena mpaka akafa. Juzi nimerudi Arusha kwa dada yangu Mazali, na mezani sijakaa, maana naona aibu. Myahudi gani anasahau hata dua ya mkate?

Basi, ndotoni, nagonga. Mkate unachungulia.

"Nani?"

"Sadok, mwana wa Rahma."

"Yule anayeelea hewani?"

"Sijawahi kuelea. Watu walizusha."

"Mkataa kwao mtumwa. Haya, ingia, ila usinitazame. Divai inabarikiwa kwanza, nami nina haya."

Kwetu mkate hufunikwa kitambaa ili usitahayari divai ikitangulizwa. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe mkate umekuwa mwekundu hadi masikioni.

Mara meza ni mlima, na kitambaa ndio ukungu wake. Napanda. Chumvi inaniamkia, "Shikamoo." Naitikia, "Marahaba," napita. Kileleni mkate unainua pindo.

"Sogea humu, mzee. Wenye aibu tunakaa huku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tufunuliwe. Hatujifunui wenyewe."

Naingia. Kuna joto. Nje divai inabarikiwa, nayo inaitikia amina kwa majivuno kidogo. Nalia kwa kumkumbuka mama.

"Lia taratibu," mkate unasema. "Nitalowa."

Kitambaa kinafunuliwa. Ni mama, kilemba kichwani, unga hadi viwiko. Mkate anauacha. Ananiwekea viganja kichwani, alivyotubariki watoto wake kila Ijumaa jioni.

"Mama, maneno nimeyasahau."

"Nani kakuuliza maneno? Inama, umerefuka mno."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na Mazali amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kaka, leo Ijumaa. Jioni utakaa nasi mezani, au ndiyo unafunga tena?"

"Nitakaa. Dua utanifundisha."

Akacheka, machozi yakimlengalenga. Kisha akanisogelea, akapitisha kidole kwenye nywele zangu, akakitazama.

"Unga huu umeutoa wapi, kaka? Mimi sijakanda bado."