Watano Wanaoruhusiwa Kugeuka Root

Mashine ya ushirika wa wakulima wa chai, yaani kompyuta yao kuu, ilikuwa na watumiaji ishirini, na mmoja tu, Tupokigwe, fundi wa mkataba, ndiye aliyeruhusiwa kutoka kwenye akaunti yake na kugeuka root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Wazee wa kamati walipolijua hilo, chai iliwapalia.

"Sisi tuliochaguliwa ni watumiaji wa kawaida, halafu mtoto wa mkataba ndiye mkubwa?" aliuliza Mzee Asukile, mwenyekiti. "Andika wajumbe wote watano. Wewe jitoe."

Tupokigwe alifungua faili la kundi lenye ruhusa, akaandika majina kwa kufuata umri, maana hata hilo walilijadili saa nzima, kisha akalifuta la kwake kwa mkono wake mwenyewe. Angefanyaje? Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo, na hao watano ndio wangeamua kama ataongezewa.

Alhamisi iliyofuata, programu ya kupanga malori ya majani ilizimika. Kuiwasha kulihitaji root. Nywila ya root Tupokigwe aliijua, lakini mashine ilimkatalia kila alipojaribu: hayumo kundini. Wenye ruhusa, wote watano, walikuwa msibani Kiwira, simu zimezimwa kwa heshima ya marehemu. Na huko kijijini Mpuguso majani yaliyochumwa tangu alfajiri yalikuwa yameanza kupata joto, karibu yaharibike, ya mama yake yakiwemo.

Alipanda bodaboda, kompyuta mgongoni. Mzee Asukile alikuwa ameketi mbele kabisa, chini ya migomba, na hakuwa na mpango wa kuinuka kabla ya mazishi.

"Mzee, naomba uandike nywila yako hapa," Tupokigwe alinong'ona.

"Miwani nimeiacha nyumbani. Andika wewe," alijibu mzee, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. "Jina la ng'ombe wangu! Malaika! Halafu moja, mbili, tatu!"

Waombolezaji waligeuka. Mama mmoja aliacha kulia ili asikie vizuri. Tupokigwe aliingia kwa akaunti ya mwenyekiti, akageuka root, akaiwasha programu, na baada ya saa moja malori yalikuwa Mpuguso. Alilia kwa furaha, na pale msibani hakuna aliyeshangaa.

Mwisho wa mwezi kamati iliketi. Katibu, Mzee Gidion, alisoma kumbukumbu za mashine: "Alhamisi, saa saba na dakika kumi, mtumiaji Asukile amegeuka root. Programu imewaka." Akavua kofia. "Wajumbe, mwenyekiti wetu ameokoa majani akiwa msibani!"

Makofi yakapigwa. Tupokigwe alimtazama Mzee Asukile, akingoja aseme neno. Mzee aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kuyapokea makofi yote.

Ajenda ya mkataba haikuchukua dakika tano. Kwa kuwa mwenyekiti anaimudu mashine hata akiwa matangani, wajumbe hawakuona haja ya kumwongezea mtaalamu muda.

"Kabla hujaondoka, mwanangu, ifute akaunti yako," alisema Mzee Asukile. "Ingia kwa ya kwangu. Jina la ng'ombe unalikumbuka."